Mito isiyofika baharini: kutoka Mombasa hadi Bonde la Kerio

Ijumaa, Mombasa

Kwetu pwani mto hauna siri. Sabaki unatema tope lake jekundu kaskazini mwa Malindi, Tana unaingia baharini karibu na Kipini, Umba unamalizikia Vanga, na hata mito midogo ya hapa nyumbani, Mwache na Kombeni, inajimwaga katika hori zinazokizunguka kisiwa cha Mvita. Mtoto wa Kibokoni ambaye hajawahi kuvuka daraja la Makupa kwenda bara anajua kwamba maji ya bara, yachelewe yasichelewe, yatakuja kwetu.

Ndiyo maana kila mwaka nikifikia somo la Bonde la Ufa darasa hunyamaza pale pale. Nachora ubaoni kuta mbili za milima, sakafu ya bonde katikati, maziwa juu ya sakafu, kisha mwanafunzi mmoja hunyoosha mkono: "Mwalimu, mito ya kule inatokea wapi baharini?" Haitokei. Kuanzia Naivasha mpaka Turkana, maji yanayoteremka ndani ya bonde hubaki humo humo. Mengine huingia ziwani na kukaushwa na jua, mengine hupotelea ardhini. Jibu hilo linatosha kwa mtihani. Mimi nataka kuliona kwa macho, kutoka ukuta wa mashariki hadi wa magharibi, na likizo hii ya Agosti imenipa nafasi.

Mtoto wa kaka yangu amemaliza kidato cha nne na anasubiri chuo. Aliposikia akaja jioni na begi tayari. "Shangazi, mizigo yote juu yangu. Wewe beba ramani tu." Tumefunga sweta, tende, chupa ya kahawa na mahamri ya njiani. Nje kusi inavuma na bahari imechafuka, kama kawaida ya mwezi huu.

Jumamosi, Mombasa hadi Nairobi

Nilitaka treni ya asubuhi inayosimama vituoni, kwa sababu inampa mtu nafasi ya kutazama. Kutoka Miritini reli inapanda bila abiria kuhisi. Minazi inaanza kuadimika, na baada ya Mariakani ni nyika ya Taru: vichaka vya miba, mibuyu na udongo mwekundu, ile nyika iliyowaua kwa kiu wapagazi wengi wa misafara.

Voi treni iliposimama nilimwonyesha mpwa wangu Milima ya Taita upande wa kushoto. Mawe yake ni naisi, miamba ya kale iliyopikwa na kukunjwa chini kabisa ya ardhi, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Nikamwambia aishike sura yake: jiwe lenye mistari myeupe na myeusi, linalometameta. Tutalitafuta tena mwisho wa safari.

Mbele kidogo, Milima ya Chyulu. Hiyo ni michanga mno ikilinganishwa na Taita, vilima vya volkano juu ya volkano, na mawe yake yamejaa vitundu hata mvua ikinyesha mtu haoni kijito. Maji yote huzama, yanasafiri chini ya lava na kuibuka katika chemchemi za Mzima, na kutoka Mzima bomba linayaleta Mombasa tangu miaka ya 1950. Mpwa wangu amekunywa maji hayo tangu utotoni. Aliyatazama yale majabali meusi muda mrefu.

Nairobi tuliingia alasiri. Kutoka usawa wa bahari tumepanda zaidi ya mita 1,600.

Jumapili, Nairobi hadi Naivasha

Matatu zinazoelekea Naivasha zina njia mbili, ya juu na ya chini. Tulichagua ya chini, inayopitia Limuru na Mai Mahiu.

Limuru palikuwa na ukungu mzito juu ya mashamba ya chai, na baridi ambayo mtu wa Mombasa haizoei hata akivaa sweta mbili. Lakini hapa ndipo mahali muhimu pa siku nzima, ingawa hakuna kibao kinachosema hivyo. Mvua inayonyesha upande wa mashariki wa mgongo huu inaingia katika vijito vya Athi, na Athi ndio huohuo Galana, ndio huohuo Sabaki. Tone hilo litafika Malindi. Mvua inayonyesha hatua chache upande wa magharibi inateremka bondeni, na bahari haitaiona.

Kisha barabara ikapinda, ukungu ukabaki nyuma, na ardhi yote ikafunguka.

Vitabu huchora ukuta wa Bonde la Ufa kama mstari mmoja uliokwenda chini wima. Ukisimama pale juu unaona ngazi: genge, kisha uwanda mwembamba wenye mashamba, kisha genge jingine, kisha uwanda mwingine, mpaka chini kabisa. Kila genge ni mpasuko mmoja, na kati ya mpasuko na mpasuko ardhi imeshuka kipande kipande. Sakafu ilikuwa na rangi ya majani makavu, na katikati yake mlima Longonot, mita 2,776, umekaa peke yake na kreta yake, shimo la volkano, kileleni. Kusini zaidi ni Suswa. Ng'ambo, kwa mbali sana, mstari wa buluu: milima ya Mau, ukuta wa magharibi.

Nilimweleza mpwa wangu hapo hapo, tukiwa tumeegemea ukuta wa wauza ngozi za kondoo. Gamba la dunia hapa lilivimba kwa joto linalotoka chini, likanyooshwa, likapasuka, na kipande cha katikati kikazama. Kazi hiyo haijaisha. Mombasa, Nairobi na mahali tuliposimama viko juu ya bamba la Somalia, kipande kikubwa cha gamba la dunia ambacho kinajitenga na bamba la Nubia lililobeba sehemu kubwa ya Afrika, milimita chache tu kila mwaka. Kati ya tawi hili la mashariki na lile la magharibi, la Tanganyika na Albert, kuna kipande kidogo kinachoitwa Victoria, na ziwa la jina hilo limekaa juu yake. Kwa hiyo tukivuka bonde hili tutakuwa tumetoka kwenye bamba letu. "Bila ya pasipoti," akasema.

Mzungu aliyelieleza bonde hili kijiolojia, John Walter Gregory, alipita huku mwaka 1893, akitokea Mombasa na wapagazi wa Kizanzibari. Miaka michache baadaye wajenzi wa reli, walioanza kazi kwetu mwaka 1896 na kufika Nairobi 1899, walisimamishwa na ukuta huu huu. Kabla ya njia ya kudumu kukamilika waliteremsha mabehewa kwa nyaya za chuma kwenye mteremko. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901.

Tukateremka. Pembeni mwa barabara liko kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942, hao hao waliochonga barabara hii. Chini ni Mai Mahiu, vumbi na malori ya kwenda Uganda, mengi yao yakiwa na makontena yaliyoshuka Kilindini. Aprili 2024 maji ya mvua yalijikusanya nyuma ya tuta la reli ya zamani huko juu, yakalipasua usiku na kuzoa nyumba za Kamuchiri pamoja na makumi ya watu. Mteremko mkali hivyo, udongo wa majivu ya volkano usioshikamana, na maji yasiyo na njia pana ya kutokea. Ukiisoma ramani ya mahali hapa vizuri utaelewa kwa nini kila korongo linahitaji kuachwa wazi.

Jumatatu, Naivasha

Ziwa Naivasha liko mita zaidi ya 1,880 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko maziwa yote ya bonde hili upande wa Kenya. Kutoka hapa sakafu inashuka pande zote mbili: kusini hadi Magadi, takriban mita 600, na kaskazini hadi Turkana, mita 360 na kitu. Wengi hudhani bonde ni mfereji ulio sawa. Ni paa lenye miteremko miwili, na Naivasha imekaa karibu na kilele chake.

Gati la wavuvi pale Karagita lilikuwa na shughuli tangu alfajiri: kambare, perege, mizani, kelele za bei. Nahodha aliyetuchukua alikuwa mtu wa makamo, mpole, na aliposikia tunatoka Mombasa akapunguza bei kabla hatujaomba. Tulipita katikati ya migunga iliyokufa imesimama ndani ya maji, mamia, myeupe kama mifupa, ndege aina ya mnandi wamejaa matawini. "Hapo palikuwa nchi kavu, mama. Tulikuwa tunafunga ng'ombe chini ya miti hiyo." Ziwa limepanda na kushuka mara nyingi katika historia yake, lakini kupanda kwa miaka hii kumefika katika mitaa ya watu; mtaani Kihoto wakazi wamehama na kurudi na kuhama tena.

Nikachota maji kwa kiganja nikayaonja. Matamu. Hapa ndipo ajabu ya Naivasha. Mto Malewa na mto Gilgil inaingia kutoka milima ya Nyandarua, na hakuna mto hata mmoja unaotoka. Ziwa lisilo na mlango, chini ya jua la Ikweta, lingepaswa kuwa chumvi tupu. Mlango upo, ila uko chini: maji yanavuja ndani ya mawe ya volkano kuelekea kusini na kaskazini, yakiondoka na chumvi zake.

Huko chini maji ya ardhini hukutana na mawe ya moto. Alasiri tulikwenda Olkaria na kuona mabomba ya rangi ya fedha yakipanda na kushuka vilima na mvuke ukinguruma. Mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981, megawati 15, na leo sehemu kubwa ya umeme wa nchi hutoka katika vilima hivi. Nilimwambia mpwa wangu akumbuke hilo akiwasha feni nyumbani.

Tukaingia korongo la Njorowa kwa miguu. Kuta zake ni ndefu na nyembamba, na mahali pengine maji ya moto yanachuruzika kutoka kwenye ufa wa jiwe, ukigusa unaondoa mkono. Korongo hili lilichimbwa na ziwa. Karibu miaka 9,000 hadi 10,000 iliyopita mvua ilikuwa nyingi kuliko leo, Naivasha ikajaa mpaka ukingoni na kufurika hapa, kuelekea kusini. Hata ilipokuwa kubwa kiasi hicho, haikufika baharini. Iliishia katika mabonde ya huko huko.

Mpwa wangu aliokota kipande cha obsidiani, kioo cha volkano, cheusi, king'aacho, chenye makali ya kukata nyama. Watu wa kale walikitengenezea visu. Alikigeuza kwenye mwanga, ukingo wake ukaonyesha rangi ya moshi, kisha akakirudisha alipokitoa, maana ni mbuga ya taifa.

Jumanne, Naivasha hadi Nakuru

Siku ya barabara. Gilgil, kisha Elementaita ikiwa na ukingo mweupe wa magadi. Kariandusi tulisimama kidogo. Hapo Louis Leakey alichimbua mashoka ya mawe mwishoni mwa miaka ya 1920, na kando yake kuna machimbo ya diatomaiti, mawe meupe mepesi kama unga ulioshindiliwa. Unga huo ni maganda ya viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, waliozama chini ya ziwa lililokuwa hapa. Tumesimama kwenye kitako cha ziwa lililokauka, na juu ya vichwa vyetu, kwenye vilima, unaweza kuona mistari ya fukwe zake za zamani. Nakuru na Elementaita yalikuwa ziwa moja.

Nakuru tulipanda Menengai kabla ya magharibi. Kreta yake ina upana wa kilomita 12 hivi kwa 8, na ukingo wake uko mita 2,278. Upepo ulitaka kutuangusha. Ndani ni lava nyeusi iliyoganda mawimbi mawimbi, na vichaka vimeshika pale palipopata udongo. Ukigeuka kusini unaona Ziwa Nakuru. Lilipojaa kuanzia mwaka 2010 lilifunika lango la zamani la mbuga na misitu ya migunga, maji yakapungua chumvi, na heroe (flamingo) wengi wakaondoka kutafuta maziwa mengine, kwa kuwa mwani wanaoula unataka magadi makali.

Jumatano, Nakuru hadi Bogoria

Asubuhi sweta, saa sita shati limelowa jasho. Kutoka Nakuru hadi Marigat barabara inashuka kama mita 800, na kila kilomita kumi hewa ni nyingine. Mashamba ya mahindi yakaisha, mkonge wa Mogotio ukaanza, na hapo tukavuka Ikweta. Baada yake ni migunga midogo, mchongoma, mbuzi, na mizinga ya nyuki iliyoning'inia mitini.

Sababu ya ukavu huu iko kwenye kuta. Upepo wenye unyevu ukitoka mashariki hukutana na nyanda za Laikipia na Nyandarua, hupanda, hupoa na kunyesha huko juu. Ukitoka magharibi hukutana na Mau, milima ya Tugen na Elgeyo. Ukifika chini bondeni umeshaacha mzigo wake. Marigat hupata zaidi kidogo ya milimita 600 kwa mwaka, na jua lake hurudisha angani maji mengi kuliko hayo. Unaona mvua ikinyesha milimani, mistari ya kijivu pande zote mbili, na wewe uko katikati kwenye vumbi.

Bogoria ni ziwa jembamba lililobanwa chini ya genge la Siracho upande wa mashariki, mita 990 hivi juu ya bahari. Maji yake ya magadi hayanywewi, na heroe walikuwepo, ukanda wa waridi kando ya ufuo. Chemchemi za moto za Loburu zinachemka kwa kishindo. Kwenye mwinuko huu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kama 97. Nyingine zimezama kwa sababu ziwa limepanda, na unaona tu maji yakitutumka mbali na ukingo mahali ambapo zamani watu walisimama kuchemsha mayai.

Hii ni nchi ya Waendorois, walioondolewa ilipotengwa hifadhi miaka ya 1970. Mwaka 2010 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu uliosema kwamba waliondolewa kinyume cha haki na wanastahili ardhi yao. Mlinzi wa lango, Mwendorois mwenyewe, alitueleza bila kupandisha sauti mahali familia ya babu yake ilipokuwa ikichungia na mahali walipopeleka ng'ombe kulamba chumvi. Ramani yangu haina majina hayo. Nimeyaandika pembeni kwa kalamu, kama alivyoyatamka.

Alhamisi, Kampi ya Samaki

Kwa mtu wa Mombasa, ukingo wa Ziwa Baringo ni mahali pa kushangaza kwa sababu Waswahili walikuwa hapa kabla ya reli, kabla ya serikali, kabla ya ramani. Misafara ya pembe za ndovu kutoka Pangani na Mombasa ilivuka nyika na nchi ya Wamaasai ikaja kupumzika kusini mwa ziwa hili, mahali walipopaita Njemps, kwa Wailchamus. Walikuja kwa ajili ya chakula. Wailchamus walikuwa wamechimba mifereji kutoka mito Molo na Perkerra, wakalima mtama na wimbi katikati ya nchi kavu, na msafara wenye watu mamia uliweza kununua nafaka ya miezi kadhaa. Joseph Thomson alipofika mwaka 1883 alikuwa ameandamana na Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyekuwa akiijua njia hiyo vizuri kuliko Mzungu yeyote. Maji ya mlima yaliyokatwa njiani kabla hayajaingia ziwani ndiyo yaliyowalisha wazee wetu.

Karne iliyofuata, mwaka 1954, serikali ya kikoloni iliwatumia wafungwa wa wakati wa Mau Mau kuanzisha mradi wa umwagiliaji wa Perkerra, karibu na mashamba hayo hayo. Mradi bado upo. Tulinunua tikiti maji lake Marigat.

Ziwa lina rangi ya chai ya maziwa. Hiyo ni milima ya Tugen na Mau, inayoshuka na kila mvua: misitu imekatwa, mbuzi wamemaliza nyasi, na udongo unakuja na mito. Kijana aliyetupakia mashuani alisimamisha injini katikati ya maji matupu. "Shangazi," akasema, kwa kumsikia mpwa wangu akiniita hivyo, "chini yetu kuna ukumbi wa hoteli." Tukaona pembe ya paa, na juu yake mamba mdogo anaota jua. Kuanzia mwaka 2010, na zaidi mwaka 2020, ziwa lilimeza hoteli, shule, zahanati na vijiji. Twiga waliokuwa kwenye rasi ya Longicharo walijikuta kisiwani, kisiwa kikazidi kupungua, wakalazimika kuvushwa mmoja mmoja kwa jahazi la chuma lililotengenezwa makusudi. Kazi hiyo ilimalizika mwaka 2021.

Kwa nini maziwa haya yanapanda? Nimewasikia watu wakisema ardhi inapasuka chini, na kweli hapa ardhi haijatulia. Lakini ripoti ya wataalamu wa serikali ya mwaka 2021 iliweka uzito mkubwa kwenye mvua nyingi za milimani na mabadiliko ya matumizi ya ardhi, na mimi naona sura ya nchi yenyewe inaunga mkono hilo. Pwani mvua ikizidi, mto unafurika wiki moja na bahari inamaliza. Hapa hakuna bahari. Kila kinachotoka kwenye kuta kinakuja kwenye beseni moja na kukaa.

Nayo maji ya Baringo ni matamu, kama ya Naivasha, kwa sababu ile ile ya mlango wa chini. Tulikula perege wa kukaanga kwa ugali ufuoni. Kando yetu palikuwa na ukuta wa mathenge, mti wa miba ulioletwa miaka ya 1980 kuzuia mmomonyoko, ambao sasa umefunga njia za mifugo na kuharibu meno ya mbuzi wanaotafuna maganda yake matamu. Mama aliyetupikia alisema afadhali ardhi tupu kuliko mti ule, na mkono wake ulikuwa na kovu la mwiba.

Ijumaa, Kabarnet

Gari dogo la abiria, Probox, lilitupandisha kutoka joto la Marigat hadi Kabarnet, karibu mita 2,000, kwa kona zisizohesabika. Mpwa wangu aliwahi swala ya Ijumaa. Mimi nilipokewa na mwalimu mwenzangu wa siku za chuo, ambaye mara moja akaleta mursik, maziwa yao ya mgando, na kusimama kuhakikisha nimemaliza.

Milima ya Tugen imesimama katikati ya bonde lenyewe. Ni kipande kilichobaki juu, kimeinama, huku pande zake mbili zikizama. Mashariki, Baringo na genge la Laikipia. Magharibi, shimo jingine ambalo bado hatujaliona, Kerio, na nyuma yake ukuta wa Elgeyo umesimama kama mwisho wa dunia. Katika makorongo ya milima hii Brigitte Senut na Martin Pickford walipata mwaka 2000 mifupa ya Orrorin tugenensis, kiumbe wa miaka milioni 6 hivi, anayedhaniwa kuwa alitembea kwa miguu miwili. Mifupa kama hiyo hubaki kwa sababu majivu ya volkano na tope la maziwa viliifunika haraka, na mipasuko ikaileta tena juu. Mwenzangu huwapeleka wanafunzi wake kuyatazama matabaka hayo kwenye kingo za mito. Nilimwonea wivu.

Jumamosi, Bonde la Kerio hadi Iten

Kutoka Kabarnet barabara inatumbukia. Sakafu ya Kerio iko kama mita 1,100, na hewa ya chini ni nzito na ya moto. Mto wenyewe tuliuvuka Chebloch, mahali unapojibana kwenye korongo jembamba la mwamba, ambapo vijana huruka kutoka juu kwa ujasiri wa kuwashangaza wapita njia. Maji yalikuwa ya kahawia na ya kasi. Mto Kerio unakwenda kaskazini, kati ya kuta mbili, mpaka Ziwa Turkana, na pale unakoma. Hilo ndilo ziwa kubwa kuliko yote ya jangwani duniani, na nalo halina mto unaotoka.

Bonde hili limebeba mengi: asali, maembe, ndovu wa Rimoi, na uchungu wa wizi wa mifugo ambao umewafukuza watu upande wa kaskazini mara kwa mara. Dereva alizungumza kuhusu hilo kwa maneno machache na sisi hatukumchimba.

Kisha Tambach, na ukuta. Gari lilipanda kwa gia ya kwanza. Nilimwomba dereva asimame chini ya genge, na mpwa wangu akaruka nje kabla sijasema kitu. Alikuwa ameliona mwenyewe: jiwe lenye mistari myeupe na myeusi, linalometameta. Naisi, ya ukoo ule ule wa Taita. Kuanzia karibu na Nairobi hadi hapa jiwe hilo kwa sehemu kubwa limefunikwa na lava na majivu, na bondeni limezama chini sana lisionekane. Elgeyo mpasuko umelifunua. Juu yake kuna matabaka ya udongo wa mito ya kale, na juu kabisa, kama kifuniko, fonolaiti, lava ngumu ya kijivu iliyomwagika zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita na kutandaza uwanda wa Uasin Gishu. Aliweka kiganja juu ya naisi, akapandisha macho taratibu mpaka ukingo wa juu, akasoma ukuta mzima tabaka kwa tabaka bila kuulizwa.

Iten, mita 2,400, wakimbiaji walikuwa wakirudi mazoezini. Mvua ilianza tukiwa kwenye ukingo. Hapa tena ni mgongo wa maji, kama Limuru: linalodondoka upande wa bonde linakwenda Kerio na Turkana, linalodondoka nyuma yetu linaingia vijito vya Nzoia, Ziwa Victoria, Nile, na kumalizikia bahari ya Mediterania, huko Misri. Mpwa wangu alihesabu mataifa kwa vidole.

Sokoni tulikutana na mzee wa Kimarakwet aliyekuja kuuza asali kutoka upande wa Tot, chini ya ukuta huu huu, kaskazini zaidi. Nilimwamkia, nikamuuliza kuhusu mifereji yao. Akakaa kwenye gunia kunieleza. Wazee wao, karne nyingi nyuma, waliyachepusha maji ya mito ya mlimani kabla hayajatumbukia, wakayapitisha kwenye genge kwa kuta za mawe na magogo yaliyochimbwa, kilomita kadhaa, hadi mashamba ya mtama bondeni. Mfereji ni mali ya ukoo. Maji hugawanywa kwa zamu, mchana na usiku, na anayeiba zamu hushtakiwa mbele ya wazee.

"Na zamu ikikuta mtu yuko safarini?" nikauliza.

"Haimsubiri, mwalimu." Akafunga mtungi wake wa asali na kutazama mawingu. Zamu ya ukoo wake ilikuwa inaanza usiku ule, na gari la mwisho la Tot lilikuwa linapakia.